Joseph Lister na Vita dhidi ya Usaha

Katikati ya karne ya 19, mgonjwa aliyepasuliwa katika hospitali kubwa za Uingereza hakukihofia kisu kama alivyozihofia siku zilizofuata. Tangu mwaka 1846 etha ilikuwa imeanza kuyatuliza maumivu ya upasuaji, lakini jeraha lilitunga usaha, dondandugu likaingia, na aliyenusurika mezani akafia kitandani. Wengi wa madaktari waliamini kwamba hewa chafu ndiyo iliyoozesha majeraha. Koti lililogandamana damu lilikuwa fahari ya mpasuaji.

Joseph Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili 1827 huko Upton, Essex, katika familia ya waumini wa dhehebu la Marafiki, ambalo lina mizizi mirefu magharibi mwa Kenya pia. Babake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo aliyeiboresha hadubini hata akapokelewa katika Royal Society mwaka 1832. Yamkini hadubini hiyo ndiyo iliyomlea mwana. Baada ya kuhitimu udaktari jijini London mwaka 1852, Lister alikwenda Edinburgh kufanya kazi chini ya mpasuaji mashuhuri James Syme, na mwaka 1856 akamwoa bintiye, Agnes. Hawakujaliwa mtoto. Agnes alishiriki majaribio ya mumewe na kuyaandika daftarini kwa mkono wake, ingawa wasimulizi wengi humtaja kama mke tu.

Mwaka 1860 Lister aliteuliwa profesa wa upasuaji Glasgow. Huko, mwaka 1865, profesa wa kemia Thomas Anderson alimwelekeza kwenye maandishi ya Louis Pasteur, aliyekuwa ameonyesha kwamba kuoza huletwa na viumbe hai wasioonekana kwa macho. Basi hewa yenyewe haikuwa na hatia! Ila viini hivyo vingeuawaje jerahani, ilhali nyama ya mtu haichemshwi? Lister alikuwa amesikia kwamba mjini Carlisle asidi ya kaboliki ilitumiwa kuondoa uvundo wa majitaka. Akaijaribu.

Tarehe 12 Agosti 1865 aliletewa James Greenlees, mvulana wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni, ngozi ikatoboka. Mguu kama huo kwa kawaida ulikatwa. Lister alilisafisha jeraha kwa asidi, akalifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa humo. Siku nne baadaye alipolifunua, hapakuwa na usaha. Wiki sita zikapita, mfupa ukaunga. Matokeo ya kazi hii yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1867. Kabla ya mbinu hiyo, kati ya watu 35 aliowakata viungo, 16 walifariki. Baada yake, kati ya 40, walifariki 6.

Ikumbukwe kwamba mbinu hii haikumhusu mpasuaji peke yake. Vyombo, nyuzi, bendeji na mikono ya kila aliyemsaidia vilipaswa kupitia dawa. Kidole kimoja kisichooshwa, cha mwanafunzi au cha muuguzi, kiliweza kuibatilisha kazi yote. Ndiyo maana upinzani ulikuwa mkali. Mamia walijazana kumsikiliza Edinburgh, lakini alipohamia King's College, London, mwaka 1877, alikuta viti vitupu.

Naye hakuishikilia kila rai yake. Mwaka 1890, mjini Berlin, alikiri hadharani kwamba kunyunyizia asidi hewani, jambo alilolisisitiza kwa miaka mingi, hakukuhitajika. Wakati huo wengine walikuwa wameanza kuvichemsha vyombo na kuvitia mvuke, njia ambayo hatimaye iliipiku ya kwake. Glavu za mpira nazo zilitokana na mikono ya muuguzi Mmarekani, Caroline Hampton, iliyochubuliwa na dawa za kuua viini.

Agnes alifariki mwaka 1893. Lister alitunukiwa ulodi mwaka 1897, akafariki tarehe 10 Februari 1912 huko Walmer, Kent. Ibada yake ilifanyika Westminster Abbey, walimozikwa wafalme, lakini yeye alizikwa katika makaburi ya Hampstead, kando ya Agnes.