Spicer-Simson, komanda wa masua mbili ndogo za vita kwenye Ziwa Tanganyika

Watu wa Uvira, Baraka na Kalemie wanajua vile Ziwa Tanganyika linakasirika upepo ukivuma. Mwaka wa 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Mwingereza Geoffrey Spicer-Simson alikuja kupigana juu ya maji hayo.

Alizaliwa 1876 huko Tasmania, akaingia jeshi la majini akiwa kijana. Hakupanda cheo haraka. Mwaka wa 1914 meli Niger, iliyokuwa chini yake, ilizamishwa na Wajerumani yeye akiwa nchi kavu. Wakubwa wakamuweka ofisini. Baadaye wakamupa kazi ambayo wengi waliona haiwezekani: kupeleka masua mbili, Mimi na Toutou, kupiga meli za Wajerumani zilizotawala ziwa.

Masua zilifika Cape Town kwa meli, kisha Fungurume kwa treni. Kutoka pale ziliburutwa zaidi ya kilomita 200, kupita milima ya Mitumba, kwa matrakta ya mvuke na ng'ombe. Wakongomani kwa mamia walikata miti, wakatengeneza barabara na madaraja, wakabeba maji ya mashine. Baada ya mto Lualaba na treni tena, walifika Lukuga, leo Kalemie, mwisho wa mwezi wa kumi.

Kila masua ilikuwa na mita 12 tu za urefu, upana hata mita 3 haukufika. Ndani hakuna chumba, hakuna kitanda. Jua linachoma, mawimbi yanalowesha watu, mashine mbili za esanse zinapiga kelele. Mpiga mzinga alipiga magoti, na aliweza kupiga mbele tu, maana masua ilikuwa nyepesi sana. Kulala, walirudi kambini nchi kavu.

Hata hivyo, tarehe 26/12/1915 waliteka meli Kingani, wakaiita Fifi. Tarehe 9/2/1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Lakini meli kubwa, Graf von Götzen, Spicer-Simson alikataa kuikabili. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka huo. Baadaye ikaopolewa, ndiyo Liemba ya Kigoma.

Spicer-Simson aligonjwa, akarudishwa kwao, akapewa medali. Alikufa Kanada 1947. Vitabu vimeandikwa juu yake. Wakongomani waliovutisha masua zake milimani, majina yao hayamo.