Daftari la Mtakatifu Teresia

Mwaka wa 1897, Sista Teresia wa Mtoto Yezu alipokuwa mgonjwa sana, sista mwenzake mmoja aliingiwa na wasiwasi. Desturi ya Wakarmeli ilikuwa hivi: sista akifa, Mama Mkuu huandika barua ya kusimulia maisha yake, nayo hupelekwa katika monasteri nyingine. Basi sista yule alijiuliza Mama Mkuu ataandika nini juu ya Teresia, maana hakuona kwake tendo lolote lenye kusimuliwa.

Na kweli, mambo makubwa ya maisha yake yalikuwa machache. Alizaliwa Alençon, nchi ya Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873, akaitwa Thérèse Martin. Baba yake alikuwa fundi wa saa. Mama yake alikufa mwaka wa 1877. Tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia monasteri ya Lisieux, asitoke tena. Humo siku zilifanana kama punje za muhindi mmoja: kusali, kufua, kufagia, kushona, kula kimya.

Katika majira ya baridi yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 1894, Teresia aliwasimulia dada zake wa damu, masista kama yeye, habari za utoto wao. Marie, mkubwa wao, akamsihi Pauline, aliyekuwa Mama Mkuu kwa jina la Mama Agnes, amwamuru mdogo wao aziandike. Teresia alicheka, akidhani wanamtania. Lakini amri ilitolewa, akatii.

Alitwaa daftari hafifu la watoto wa shule. Jioni, kazi na sala zilipokwisha, aliandika karibu na taa ndogo. Aliandika nini? Aliandika jinsi dada yake Léonie alivyowaletea wadogo zake kikapu cha nguo za mtoto wa sanamu na vipande vya kitambaa wachague, naye Teresia akachukua vyote. Aliandika jinsi usiku mmoja, akitembea na baba yake, alivyoona nyota zimepangana mfano wa herufi ya kwanza ya jina lake. Tarehe 20 Januari 1896 alimkabidhi Mama Agnes daftari limejaa. Mama Agnes aliliweka kando, asilisome kwa muda wa wiki nyingi, na Teresia hakuuliza hata mara moja.

Mwezi wa Juni 1897 Mama Mkuu mwingine, Marie de Gonzague, alimwamuru aendelee. Sasa kifua kikuu kilikuwa kimemla. Aliketi bustanini katika kiti cha magurudumu alichokitumia marehemu baba yake, daftari magotini. Lakini masista hawakumwacha atulie: huyu anapita na majani makavu, anasimama kumchangamsha, yule anamletea maua. Mtu mwingine angefunga daftari kwa hasira. Teresia aliwaandika hao hao wasumbufu.

Akaandika pia juu ya sista mmoja mzee, mgonjwa, mgumu wa kuridhishwa. Kila jioni, dakika kumi kabla ya saa kumi na mbili, ilimpasa kumwongoza kutoka kanisani mpaka mezani. Akienda upesi, bibi analalamika. Akienda polepole, analalamika vilevile. Siku moja Teresia aliona kwamba anashindwa kukata mkate wake, akamkatia, kisha akatabasamu. Jioni nyingine ya baridi, akiwa katika kazi hiyo, alisikia sauti ya chombo cha muziki kwa mbali. Akawaza nyumba iliyojaa taa na wasichana waliovaa vizuri. Akatazama ukuta wa matofali na mzee anayeguna mkononi mwake. Hakutaka kubadilisha.

Nguvu zilipungua hata kuchovya kalamu katika wino kukamshinda, akatumia kalamu ya risasi. Mwanzoni mwa Julai aliacha katikati. Tarehe 30 Septemba 1897 alikufa, mwenye miaka 24.

Mama Agnes alisahihisha maandiko yale, pengine kupita kiasi, na tarehe 30 Septemba 1898 yakatoka nakala 2.000 za kitabu. Mwaka wa 1925 Papa Pio XI alimtangaza Teresia mtakatifu, na mwaka wa 1927 akamfanya msimamizi wa misioni, yeye asiyevuka ukuta wa monasteri. Nayo barua ile ya kupelekwa monasteri nyingine haikuandikwa. Walipelekewa kitabu.