Pio Gama Pinto: Mpanga Mikakati Aliyewakumbuka Wafungwa

Wazee wetu wa Usukuma waliolima pamba kabla ya uhuru walimfahamu Mhindi kama mnunuzi aliyesimama upande wa pili wa mizani. Manung'uniko juu ya mizani hiyo ndiyo yaliyowasukuma wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, kujenga ushirika wao miaka ya 1950. Ni vema basi sisi wa Didia na wa maeneo ya jirani tumfahamu pia mtu wa asili ya Kihindi ambaye, katika miaka hiyohiyo, alichagua kusimama upande wa wanyonge hadi akauawa. Huyo ni Pio Gama Pinto.

Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, katika familia ya Wakatoliki kutoka Goa, sehemu ya India iliyotawaliwa na Wareno. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa India kusoma. Huko, akiwa kijana mwajiriwa wa posta na simu Bombay, alishiriki mgomo wa wafanyakazi, kisha akajiunga na harakati za kuikomboa Goa. Wareno walipoanza kumtafuta, alirejea Kenya mwaka 1949.

Kenya aliyoikuta ilikuwa imepangwa kwa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mishahara, shule na makazi vilifuata ngazi hiyo. Pinto angeweza kutulia katika ngazi yake ya kati. Badala yake alijifunza Kiswahili vizuri, akaandika magazetini, akasaidia vyama vya wafanyakazi, na Jomo Kenyatta na wenzake waliposhtakiwa Kapenguria, alikuwa miongoni mwa waliohangaika kuwapatia mawakili.

Hatupaswi kuficha kwamba aliwasaidia pia wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni, hata kwa silaha. Kanisa linaifundisha dhamiri kupima kwa hofu kubwa kila uamuzi wa kushika silaha, nasi hatumtangazi Pinto kuwa mtakatifu. Tunasimulia maisha ya mtu aliyeona dhuluma na akakataa kupita kando.

Mwezi Januari 1954 alifunga ndoa na Emma Dias. Miezi mitano baadaye alikamatwa, akapelekwa kizuizini katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na baadaye akawekwa Kabarnet. Aliachiliwa mwaka 1959. Kwa hiyo miaka ya kwanza ya ndoa yao ilikuwa miaka ya kutengana.

Alipotoka, kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuwatafutia msaada wafungwa wengine wa siasa na familia zao. Hapa ndipo tunapomwona alivyokuwa. Pinto alikuwa mpanga mikakati hodari: alijua kutafuta fedha, kuendesha gazeti na kupanga kampeni, na chama cha KANU kilifaidika sana na akili yake katika uchaguzi wa 1961 na wa 1963. Kwa fedha zilizopatikana India alisaidia kuanzisha kampuni ya magazeti, likiwemo Sauti ya Mwafrika. Hata hivyo hakujitafutia ukubwa. Mshahara wa Emma, aliyekuwa katibu muhtasi, ndio uliosaidia kuitunza familia, huku cha Pinto kikiishia mara nyingi mikononi mwa wenye shida.

Mwaka 1964 akawa mbunge. Uhuru ulikuwa umepatikana, lakini wengi waliotoka vizuizini hawakuwa na ardhi, huku baadhi ya viongozi wakijikusanyia mashamba. Pinto, pamoja na Oginga Odinga na Bildad Kaggia, alidai kwamba uhuru uwafikie maskini. Madai hayo yalimtia katika mgongano na waliokuwa rafiki zake wa jana.

Asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi ndani ya gari lake, nje ya nyumba yake Westlands, Nairobi, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Mtoto alinusurika. Pinto alikuwa na umri wa miaka 37. Kijana mmoja alihukumiwa, akakaa gerezani hadi alipoachiliwa mwaka 2001, akishikilia muda wote kwamba hakuua. Waliotuma mauaji hawajafikishwa mahakamani hadi leo.

Tunajifunza nini? Katika sura ya 25 ya Injili ya Matayo, Bwana anajitambulisha na mwenye njaa, mgeni na mfungwa. Kipaji cha kupanga na kushawishi watu ni zawadi ya Mungu, nacho chaweza kuuzwa. Tunawaona vijana wetu, kutoka Shinyanga hadi machimbo ya Geita, wakikodiwa nyakati za uchaguzi kupiga debe, kisha wakisahauliwa. Wapo pia wenye kipaji hicho wanaokitumia kuwatetea wachimbaji wasio na mikataba, wajane walionyang'anywa mashamba, na mahabusu wasio na wa kuwatembelea. Tujiulize kipaji chetu kinamtumikia nani baada ya kura kuhesabiwa.

Tumwombee marehemu Pio pumziko la milele, na tuwaombee wote wanaochukiwa kwa sababu ya kutetea haki.