Elijah Masinde: Nabii au Mwendawazimu?

Kisiwa cha Lamu kimepokea wageni wa kila namna, na baadhi yao hawakuja kwa khiari. Mmoja wao alikuwa marehemu Elijah Masinde, Mbukusu wa Kimilili huko Bungoma, ambaye serikali ya Kiingereza ilimleta huku mwaka 1948 ili awe mbali na watu wake. Lakini kabla ya Lamu palikuwa na Mathari, na hapo ndipo penye kisa chetu.

Masinde alizaliwa karibu na mwaka 1910. Ujanani alisifika kwa kandanda, akawa nahodha wa timu ya Kimilili. Alilelewa katika kanisa la Friends, nalo likamfukuza alipooa mke wa pili. Katika miaka ya 1940 yeye na wenzake walianzisha Dini ya Msambwa. Kwa Wabukusu, misambwa ni mizimu ya wahenga, na Mungu wao ni Wele. Masinde alisema ametumwa na Wele, na kwamba Mzungu hana budi kuondoka. (Wafuasi wake walimwita nabii, sisi Waislamu twajua mlango huo ulikwisha fungwa, lakini hapa twatumia neno lao.)

Maneno hayo yalienea hata kwa vibarua wa mashamba ya walowezi karibu na Kitale. Watu wakakataa amri za kung'oa magugu mashambani, maofisa wakaghadhibika. Mwaka 1945 Masinde akahukumiwa kuwa ni mwendawazimu, akatiwa katika hospitali ya Mathari, Nairobi.

Mkuu wa Mathari tangu 1938 hadi 1950 alikuwa Daktari J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa hospitali hiyo hakuwa amesomea maradhi ya akili. Mwaka 1953 aliandika, kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, kwamba Mwafrika hutumia kidogo tu sehemu ya mbele ya ubongo wake. Maneno hayo wataalamu wamekwisha yatupilia mbali, lakini ndiyo yaliyokuwa elimu ya wakati ule.

Mwaka 1947 Masinde akaachiliwa. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakauawa watu 11. Masinde akakamatwa tena, na mara hii hakupelekwa kwa daktari bali Lamu. Basi mtu yule yule, kwa imani ile ile, mwaka 1945 alikuwa mgonjwa na mwaka 1948 akawa hatari kwa serikali. Aliyebadilika ni nani?

Siku hizi vijana wanazungumza sana juu ya maradhi ya mgawanyiko wa nafsi. Ndani ya mtu mmoja hujitokeza nafsi mbili au zaidi, kila moja na mwendo wake, naye asikumbuke aliyoyatenda katika nafsi nyingine. Sisemi kwamba Masinde alikuwa nayo. Nasema swali ni lile lile: nani mwenye haki ya kulipa jina lililomo ndani ya mtu? Wako wanaojisomea wakajipa jina la maradhi, na huku Pwani wako waambiwao na mganga kwamba wamepandwa na pepo.

Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha mwaka 2013 kinakiri kwamba nafsi ile nyingine yaweza kuja kwa sura ya pepo, lakini chasema pia kwamba jambo lililo la kawaida katika dini au mila za watu lisihesabiwe ugonjwa, na kwamba sharti limtaabishe mwenyewe au limharibie maisha. Daktari wa haki huuliza juu ya kifafa, ulevi, mateso ya utotoni, na siku zilizopotea katika kumbukumbu. Hayo huchukua muda. Na hapo ndipo kujipima peke yako kunaposhindwa, kwani aliyepotewa na siku atazihesabu vipi mwenyewe?

Masinde hakupata daktari wa namna hiyo. Alirudi Kimilili karibu na uhuru, na dini yake ikapigwa marufuku tena na serikali ya Kenya huru mwaka 1968. Aliingia na kutoka jela mara nyingi, hata akafariki mwaka 1987. Bungoma na Kitale bado wapo wamwitao nabii.