Rebmann, Bwana Kheri na theluji ya Kilimanjaro

Katika masomo ya historia Johannes Rebmann hupewa mistari miwili au mitatu: mmishonari Mjerumani, Mzungu wa kwanza kuuona Kilimanjaro, mwaka wa 1848. Mwanafunzi huikariri tarehe, akaiandika katika mtihani, yakaisha. Laiti mwalimu angeianzia habari hiyo hapa Mombasa, ndani ya Ngome, somo lingekuwa jingine kabisa.

Rebmann alizaliwa mwaka wa 1820 huko Gerlingen, nchi ya Württemberg, ambako theluji si kitu cha kumstaajabisha hata mtoto mdogo. Aliwasili Mombasa Juni 1846 kumsaidia Ludwig Krapf, na mwaka huohuo wakafungua kituo chao Rabai, ng'ambo ya bara. Wakati huo misafara ya Waswahili ilikwisha kuizoea njia ya Uchaga, ikifuata pembe za ndovu. Kiongozi mmoja wa misafara hiyo alikuwa Bwana Kheri, naye ndiye aliyekubali kumwongoza mgeni huyu.

Kabla hawajaondoka, liwali wa Mombasa alimwonya Bwana Kheri asimpeleke Mzungu mlimani. Mlima ule, alisema, umejaa majini. Waliothubutu kuupanda waliuawa, miguu na mikono yao ikakakamaa, na baruti yao ikakataa kushika moto.

Msomaji asiharakishe kucheka. Tukiwaweka kando majini, yanayobaki ni maelezo sahihi ya mwili ulioumwa na baridi kali. Watu wa pwani walikuwa na habari yenyewe. Walichokosa ni jina lake.

Msafara uliondoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848, ukapita nyika hadi Taita. Rebmann hakuchukua silaha ila mwavuli, jambo ambalo hata rafiki zake walilisimulia kwa mshangao. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wake, Bwana Kheri hakuwa na neno la kuutaja weupe ule ila baridi. Rebmann akaelewa mara moja. Aliporudi tena Uchaga baadaye, alisimuliwa habari za mtawala wa Machame aliyewatuma watu wapande wakachunguze kitu kile cheupe. Alirudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi.

Habari hizo zilichapishwa London mwaka wa 1849, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika Mashariki, alishikilia kuwa theluji hiyo ni ndoto tu, akayarudia hayo katika kitabu chake cha 1852. Baron von der Decken alitoka Mombasa mwaka wa 1861 akauona mlima kwa macho yake. Mwaka uliofuata akapanda hadi kiasi cha mita 4,300 na kuangukiwa na theluji. Cooley hakukubali. Mwaka wa 1871 mmishonari Charles New, aliyekuwa Ribe, jirani ya Rabai, aliifikia theluji yenyewe akaishika kwa mikono.

Kwa maoni yangu, ushahidi ulikuwa umekamilika tangu siku ile Ngomeni. Kosa la Rebmann, kama lilikuwa kosa, ni kwamba aliyaamini macho yake pamoja na neno la mtu wa Mombasa. Ajabu ni kwamba vitabu vyetu vinamtaja yeye na Cooley, ilhali Bwana Kheri, aliyeijua njia, hana hata mstari mmoja.

Rebmann mwenyewe hakufika kileleni, wala hakujaribu. Safari yake ya 1849 iliishia Machame, ambako mtawala alimnyang'anya karibu bidhaa zake zote. Baada ya hapo alibaki Rabai akikusanya maneno ya lugha za Kiafrika. Mkewe Emma alifariki mwaka wa 1866. Macho yakaanza kufifia mwaka baada ya mwaka, hata mwaka wa 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao, akapandishwa meli karibu kipofu kabisa. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Cooley alikuwa bado hai London.