Daktari David Livingstone na Mzigo wa Kinyongo

Njia ya kale ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ilikuwa njia ya mizigo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba pembe za ndovu mabegani kuelekea pwani, wakarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Katika njia hiyo hiyo watumwa walitembea wakiwa wamefungwa minyororo na magogo shingoni. Tabora ilikuwa mahali pa kupumzika, pa kutua mizigo na kuajiri wapagazi wapya. Kilometa chache nje ya mji, mahali paitwapo Kwihara, lipo tembe lililojengwa upya kwa kumbukumbu ya mgeni aliyekaa hapo mwaka 1872, Daktari David Livingstone.

Livingstone hakuwa Mlutheri, wala hakuanzisha usharika wowote Tabora. Hata hivyo maisha yake ni sehemu ya historia ya Injili katika nchi hii, nayo yana fundisho ambalo Mkristo wa dhehebu lolote hana budi kulitafakari: ni vigumu kiasi gani kusamehe, hata kwa mtu aliyeyatoa maisha yake yote kwa ajili ya wengine.

Kuzaliwa na kuitwa

Alizaliwa Blantyre, Uskochi, tarehe 19 Machi 1813, katika familia maskini. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, akawa anasoma usiku baada ya saa nyingi za kazi. Alisomea udaktari na theolojia, na mwaka 1841 alifika Afrika ya Kusini akiwa mmisionari wa Chama cha Misioni cha London. Mwaka 1845 alimwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat. Kati ya mwaka 1853 na 1856 alivuka bara la Afrika kutoka katikati hadi Luanda upande wa magharibi, kisha akarejea hadi Quelimane upande wa mashariki. Safari hiyo ilimpa sifa kubwa huko Ulaya.

Sifa haikumfanya kuwa mtu mwepesi kuishi naye. Katika safari ya Mto Zambezi, iliyoanza mwaka 1858, aligombana na karibu wenzake wote wa Kizungu. Mwaka 1859 alimfukuza kazi mchoraji Thomas Baines kwa tuhuma ya kutumia vibaya mali ya safari. Baines aliikana tuhuma hiyo na kuomba asikilizwe, lakini Livingstone hakumrudishia heshima yake. Mwaka 1862 Mary alifariki kwa homa huko Shupanga, na mwaka 1864 serikali ya Uingereza ikawa imeifunga safari hiyo. Livingstone alirudi kwao akiwa amebeba majonzi mengi, na manung'uniko pia.

Waliomkimbia na waliorudi

Mwaka 1866 alikuja tena, safari hii kupitia Zanzibar na Mto Ruvuma. Miongoni mwa wafuasi wake walikuwamo Abdullah Susi, aliyeajiriwa Shupanga, na James Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka katika msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa bado kijana mdogo. Kabla mwaka haujaisha, kundi la watu wa Anjuani lilimkimbia, likafika pwani na kutangaza kwamba ameuawa. Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku lake la dawa. Kwa mtu mwenye homa za mara kwa mara, hasara hiyo ilikuwa kama hukumu ya kifo.

Mwaka 1868 alipoamua kwenda Ziwa Bangweulu, wengi wa watu wake walikataa kumfuata, wakiwamo Susi na Chuma. Aliondoka na wachache tu, akaliona ziwa, akarudi. Wale waliomwacha walipotaka kurudi kwake mwishoni mwa mwaka huo, aliwapokea. Katika shajara yake alieleza kwamba hakuwalaumu sana moyoni, kwa kuwa walikuwa wamechoka kutembea kama yeye mwenyewe alivyochoka, na kwamba yeye naye alikuwa na makosa yake.

Hapo ndipo shina la msamaha lilipo. Hakusema kwamba hawakukosa. Alijiona yuko miongoni mwa wakosaji, akashuka kutoka katika kiti cha hakimu. Huo ndio msimamo wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa katika Mathayo 18, ambaye alipaswa kulikumbuka deni lake kabla ya kumkaba koo mwenzake.

Mwanzoni mwa mwaka 1869 aliugua mapafu karibu ya kufa. Aliyemwuguza na kuagiza abebwe katika machela hadi ziwani alikuwa Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Livingstone aliichukia biashara ile kwa moyo wote, lakini alikula chakula cha wafanyabiashara hao na kuukiri wema wao. Alijua kutenganisha uovu na mtu aliyenaswa ndani yake.

Mkono uliokataliwa

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya Mto Lualaba, watu wa misafara waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza na kununua. Mamia waliuawa au kuzama mtoni. Livingstone aliyaona yote. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuwapiga wauaji kwa bastola yake. Dugumbe, mmoja wa wakubwa wa misafara, alimzuia asijiingize katika kisasi cha damu. Badala ya risasi alichukua kalamu, akaandika alichokiona. Taarifa hiyo ilipowafikia wasomaji wa Ulaya iliamsha hasira dhidi ya biashara ya watumwa kuliko ambavyo bastola moja ingeweza kufanya.

Kutoka Nyangwe alirudi Ujiji mwezi Oktoba, akiwa mgonjwa, amekonda, akitumaini kukuta vitu alivyotumiwa kutoka Zanzibar. Hakukuta kitu. Sherifu, aliyekabidhiwa mzigo huo, alikuwa ameuza kila kitu kwa madai kwamba ameagua na kuona kuwa Livingstone amekwisha kufa. Sherifu alipokuja kumpa mkono, Livingstone aliukataa. Mtu huyo alipoendelea kuja na salamu, alimjibu kwa kumkumbusha adhabu wanayostahili wezi. Hakuna atakayeshangaa kwa jibu hilo. Mtu mwenye njaa aliyeibiwa hawezi kuagizwa atabasamu. Lakini ni vyema ikumbukwe kwamba mkono ule ulikataliwa na yeye yule aliyewapokea watoro miaka mitatu kabla.

Siku chache baadaye Henry Morton Stanley aliingia Ujiji na msafara wa chakula, dawa na barua. Wawili hao walisafiri pamoja, na tarehe 18 Februari 1872 wakafika Kwihara.

Miezi ya Kwihara

Stanley aliondoka kuelekea pwani tarehe 14 Machi, na Livingstone akabaki katika tembe akisubiri wapagazi watakaotumwa kutoka Zanzibar. Vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe ilikuwa ikiendelea. Siku tano baada ya kuagana na Stanley, alipotimiza miaka 59, alijiweka wakfu upya kwa Mungu wake katika sala aliyoiandika.

Lakini katika tembe hilo hilo palikuwa na mzigo ambao hakuutua. Alimlaumu vikali Daktari John Kirk, aliyekuwa mwenzake Zambezi na sasa mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, kwamba alimtumia vitu kwa mikono ya watumwa na watu wasioaminika. Lawama hizo zilikuwa na chanzo, kwa maana mizigo kweli ilicheleweshwa na kuibwa. Hata hivyo kipindupindu kilikuwa kimeua watu wengi Zanzibar na katika njia ya misafara, na wapagazi walipatikana kwa shida. Barua za malalamiko zilikwenda pwani, Stanley akazitangaza duniani, na jina la Kirk likachafuka. Wale marafiki wawili hawakuonana tena.

Tarehe 1 Mei 1872, papo hapo Kwihara, Livingstone alimaliza barua kwa gazeti moja la New York. Ndani yake aliomba baraka nyingi za mbinguni zimshukie yeyote, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki, atakayesaidia kuliponya donda la biashara ya watumwa. Yeyote! Hakujua kwamba Kirk angekuwa mmoja wao.

Mwisho wa safari

Wapagazi walifika mwezi Agosti, na tarehe 25 msafara uliondoka Kwihara kuelekea kusini. Mwaka mmoja kamili baada ya barua ile, tarehe 1 Mei 1873, Livingstone alikutwa amekufa, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

Wiki tano baadaye, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Aliyefanya kazi kubwa ya kumshawishi Sultani alikuwa John Kirk. Mtu aliyelaumiwa kwa barua za Kwihara ndiye aliyekamilisha haja ya moyo wa yule aliyezindika.

Wakati huohuo Susi na Chuma, wale waliokataa kumfuata mwaka 1868 na kupokewa tena, waliuongoza msafara uliobeba mwili wake. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakautia ndani ya gome la mti na kuubeba kwa muda wa miezi tisa. Oktoba walifika Tabora. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapo, aliwashauri wauzike papo hapo, lakini walikataa. Mbele ya safari, walipozuiwa njiani, waliufunga kama mtumba wa vitambaa ili upite. Februari 1874 walifika Bagamoyo, wakalipwa mishahara yao na kuachishwa kazi.

Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika Kanisa la Westminster, London. Miongoni mwa waliolisindikiza jeneza walikuwamo Stanley, mshitaki, Kirk, mshitakiwa, na Jacob Wainwright, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, aliyesoma maneno ya maziko huko Chitambo. Kirk angeweza kukataa kuja. Alikuja. Wainwright alirudi Afrika, akatumika na wamisionari, akafariki Urambo mwaka 1892.

Fundisho kwa washarika

Martin Luther alifariki Februari 1546 mjini Eisleben, alikokwenda katika baridi kali, akiwa mgonjwa, ili kuwapatanisha watawala wa Mansfeld waliogombania mali. Kazi yake ya mwisho ilikuwa upatanisho. Livingstone hakupata nafasi kama hiyo. Aliwasamehe wapagazi maskini waliomwacha porini, lakini rafiki msomi aliyelingana naye alimshinda. Ndivyo ilivyo mara nyingi: ni rahisi kumsamehe mtu wa mbali au wa chini, na vigumu kumsamehe ndugu, mzee mwenzako wa kanisa, au mwimbaji wa kwaya moja nawe.

Usharika unaotimiza miaka 100 hauwezi kukosa madeni ya namna hiyo. Wapo waliogombana juu ya shamba au urithi, ambao kwa miaka mingi wamepiga magoti kwenye Meza moja ya Bwana bila kupeana mkono nje ya mlango. Kusamehe hakumaanishi kuuita wizi uaminifu. Livingstone aliandika wazi habari za Nyangwe, na alifanya vyema. Maana yake ni kuuacha uovu mikononi mwa haki ya Mungu, na kumwachia nafasi mkosaji kuwa mtu mwingine kesho. Kirk alikuwa mtu wa namna hiyo, na Susi na Chuma pia.

Kila jioni mpagazi wa Kinyamwezi aliutua mzigo wake kambini kabla ya kulala. Anayesali ombi la tano la Sala ya Bwana anaombwa kufanya vivyo hivyo, kabla jua halijazama.