Mjane Clicquot: mama aliyeokoa divai ya familia

Mjini Likasi, mtu akisikia neno champagne anafikiri mara moja juu ya ndoa na sikukuu. Lakini ni wachache wanaojua kwamba Veuve Clicquot, jina linalosomwa kwenye chupa moja maarufu ya champagne, ni la mama mjane aliyeishi kweli.

Mama huyo, Barbe-Nicole Ponsardin, alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 12 mwaka 1777 mjini Reims, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa tajiri wa kiwanda cha vitambaa. Mwaka 1798 aliolewa na François Clicquot, ambaye baba yake, mzee Philippe, aliuza vitambaa na divai. Walizaa mtoto mmoja tu, Clémentine.

Mwezi wa 10 mwaka 1805 François alikufa kwa homa. Mjane alikuwa na miaka 27. Mzee Philippe, kwa uchungu wa kumpoteza mtoto, alitaka kufunga biashara ya divai. Barbe-Nicole akamwomba amwachie yeye. Mzee akakubali, kwa sharti kwamba kwanza afanye kazi pamoja na mtu mwenye uzoefu. Alishirikiana na Alexandre Fourneaux kwa miaka minne.

Sheria ya Napoleon ya mwaka 1804 ilimweka mwanamke aliyeolewa chini ya bwana wake. Hakuweza kusaini mkataba bila ruhusa. Mjane aliweza. Msiba ndio uliompa mama huyu haki ya kusaini kwa jina lake.

Mali yake kubwa ilikuwa udongo. Familia ilikuwa na mizabibu huko Bouzy na Verzenay, kwenye vilima karibu na Reims. Chini ya udongo mwembamba kuna mawe meupe ya chaki. Mvua ikinyesha, chaki inanywa maji. Jua likikaza, inairudishia mizizi maji hayo polepole. Wafaransa wanaita terroir ushirikiano huo wa udongo, mteremko, hali ya hewa na mkono wa mlimaji. Mtu wa Likasi ataelewa upesi: malakiti nayo haitoki kwenye kila kilima.

Mwaka 1810 alibaki peke yake katika kazi. Vita vya Napoleon vilikuwa vimefunga njia za bahari, wateja walipotea, na kufilisika kulikuwa karibu. Mwaka 1814, wenzake wakiwa bado wanangoja amani, yeye alipakiza kwa siri chupa 10,550 katika meli iliyoelekea Königsberg, ili zifike Urusi kabla ya za wengine. Zilinunuliwa haraka, na jina lake likajulikana Ulaya.

Ilibaki shida ya machicha yaliyochafua divai ndani ya chupa. Inasimuliwa kwamba kati ya 1816 na miaka iliyofuata, yeye na wafanyakazi wake walitoboa meza matundu, wakasimamisha chupa kichwa chini na kuzizungusha kidogo kidogo mpaka uchafu ukashuka shingoni na kutolewa. Njia hiyo inatumika hata leo.

Mwaka 1841 alimwachia kazi Édouard Werlé, mfanyakazi wake wa siku nyingi. Alikufa Boursault tarehe 29 mwezi wa 7 mwaka 1866, akiwa na miaka 88. Leo nyumba hiyo si ya familia tena. Ni ya kampuni ya LVMH.

Kwetu Kongo, sheria ya familia ya mwaka 1987 nayo ilidai ruhusa ya bwana, hadi ilipobadilishwa mwezi wa 7 mwaka 2016. Hata hivyo, wajane wengi bado wanafukuzwa nyumbani na ndugu za marehemu kabla machozi hayajakauka. Mzee Philippe naye angeweza kumrudisha mkwe wake kwa baba yake. Yeye aliweka kazi ya familia mikononi mwa mjane, na jina la Clicquot linaishi mpaka leo.